Hifadhi ya ushahidi ya Ireland: inamfaa kiasi gani mtafiti wa klabu aliyeko Mwanza?

Bei yake ni bure. Lugha ni Kiingereza, na mafaili machache ya Kiairishi. Unachohitaji ni simu au kompyuta, bando la kutosha na macho yasiyochoka mapema. Bidhaa yenyewe ni mkusanyo wa Ofisi ya Historia ya Kijeshi ya Ireland, Bureau of Military History, ambao watafiti huuita BMH. Umewekwa kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Jeshi la nchi hiyo, militaryarchives.ie. Ndani yake kuna maelezo ya mashahidi 1,773, jumla ya kurasa kama 36,000, pamoja na nyaraka za zama zilezile, picha na sauti chache zilizorekodiwa.

Hapa tunaupima kwa kazi moja tu: kumsaidia mtu anayetaka kujua klabu za michezo zilivyofungamana na mapinduzi ya Waireland dhidi ya utawala wa Uingereza. Swali hilo si geni huku ziwani. Kati ya 1954 na 1958 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, na siasa ikabidi ipite milango mingine, ukiwamo ule wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba. Nani alibeba nini? Vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilikuwa na mkono? Na vilabu vya mpira je? Kwenye vijiwe vya Kirumba na Igoma mabishano haya huishia kwenye "wazee walisema", halafu mtu anaagiza kahawa nyingine. Waireland waliwakalisha wazee wao chini, wakawaandika, wakawasainisha.

Kwanza ujue mkusanyo ulivyoandaliwa, maana uzuri wake na kasoro zake vinatoka humo. Ofisi iliundwa mwaka 1947 na ikafanya kazi hadi 1957. Watumishi wake, wengi wao maofisa wa jeshi, walimfuata shahidi, wakachukua maneno yake, wakayapanga na kuyapiga taipu, kisha shahidi akayasoma na kutia saini. Mwaka 1959 makaratasi yote yalifungiwa kwenye chumba cha chuma katika majengo ya serikali mjini Dublin. Yalifunguliwa kwa watu mwaka 2003, na mwaka 2012 yakawekwa mtandaoni. Kwa hiyo unaposoma habari ya mechi ya 1918, unamsikia mtu wa makamo au mzee akikumbuka ujana wake baada ya miaka 30 au zaidi, na ofisa wa serikali ndiye aliyeshika kalamu.

Mipaka ya kazi nayo iliwekwa kwa tarehe: kuanzia 25 Novemba 1913, siku walipoanzishwa Wajitolea wa Ireland, kikosi cha kijeshi cha wazalendo, hadi 11 Julai 1921, siku ya kusitisha vita na Waingereza. Kwa mtafiti wa michezo, uzio huu unakata pande mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, vilivyowatenganisha wachezaji wa timu moja, havimo ila kwa kudokezwa. Upande wa pili ni mbaya zaidi: miaka karibu 30 ya mwanzo wa Chama cha Michezo ya Kigaeli, GAA, imebaki nje. Usipoijaza mwenyewe utakuwa kama mtu aliyeingia uwanjani dakika ya 60 na kuanza kubishana juu ya bao la kwanza.

Cha kujaza ni hiki. GAA ilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes, mji wa Thurles, kaunti ya Tipperary. Michael Cusack ndiye aliyeitisha kikao, na Maurice Davin akawa rais wa kwanza. Walitaka kufufua michezo ya kwao: mpira wa Kigaeli, unaochezwa kwa mikono na miguu, na halingi, mchezo wa fimbo pana nchani na mpira mdogo mgumu. Walezi wake wa mwanzo walikuwa Askofu Mkuu Croke, mwanasiasa Charles Stewart Parnell, na Michael Davitt aliyepigania haki za wapangaji wa mashamba. Katika kikao kilekile walikuwapo watu wa Udugu wa Jamhuri ya Ireland, IRB, chama cha siri kilichoapa kuwaondoa Waingereza kwa silaha. Alikuwapo pia Thomas St George McCarthy, ofisa wa polisi wa Mfalme nchini Ireland, RIC. Mwasi na askari kwenye meza moja, tangu siku ya kwanza. Ukilisahau hilo, kila utakachosoma baadaye utakipa rangi moja.

Miaka mitatu baadaye, kwenye mkutano mkuu wa 1887, watu wa IRB waliteka uongozi. Mapadri wakachachamaa, wanachama wakagawanyika, na polisi wakaanza kuandika taarifa za klabu hadi vijijini: ipi iko mikononi mwa IRB, ipi iko upande wa kanisa. Kisha siasa ya Parnell ikapasuka mwaka 1890, na chama kikapasuka nacho. Kwenye mazishi ya Parnell, Oktoba 1891, inasimuliwa kwamba wanamichezo kama 2,000 waliandamana wakiwa na fimbo za halingi zilizofungwa vitambaa vyeusi. Ilikuwa heshima kubwa kwa marehemu, ila chama chenyewe wakati huo kilikuwa hoi.

Sasa rudi kwenye mkusanyo. Kinachoufanya uwe na thamani ni vitu vidogo ambavyo vitabu vya shule huviruka. Majina makubwa unaweza kuyapata popote. Michael Collins, baadaye kiongozi wa vita vya siri dhidi ya Waingereza, alikuwa katibu wa klabu ya Geraldines huko London, na mwaka 1909 Sam Maguire, mchezaji wa mpira wa Kigaeli wa mji huohuo, alimwapisha kuingia IRB. Kombe linaloshindaniwa hadi leo na mabingwa wa mpira wa Kigaeli wa Ireland yote lina jina la huyo Maguire. Harry Boland alicheza halingi, akawa mwenyekiti wa GAA ya Dublin na kiongozi wa siri. J. J. Walsh, aliyekuwa mwenyekiti wa GAA ya Cork, alipigana ndani ya jengo la posta kuu la Dublin katika uasi wa Pasaka wa 1916. Eoin O'Duffy alikuwa katibu wa GAA ya Ulster kabla ya kuwa kamanda wa IRA, jeshi la wapigania uhuru.

Usichokipata popote ni namna kijana wa parokia, asiye na jina, alivyotoka kwenye klabu na kuingia kwenye kikosi. Faili baada ya faili, mambo yaleyale yanajirudia. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo kundi la vijana lingeweza kutembea maili nyingi bila kuulizwa maswali, kwa kuwa kuna mechi. Mechi ikishaisha, wachache wanabaki nyuma ya uwanja kwa kikao. Kapteni wa timu ndiye anayejua nani anashika muda na nani ana mdomo mwepesi, basi ndiye anayeulizwa tukitaka watu kumi tuanzie na nani. Bunduki hakuna, kwa hiyo gwaride linafanywa kwa fimbo za halingi begani. Mwaka 1917, baada ya inspekta wa polisi kufa kwa pigo la fimbo hiyo katika mkutano wa hadhara Dublin, jeshi la Uingereza lilipiga marufuku kuzibeba hadharani. Hapo vijana wakapata sababu mpya ya kuzibeba.

Gereza nalo lilifanya kazi ambayo klabu isingeiweza. Baada ya mapambano ya Pasaka ya 1916, wafungwa kama 1,800 walipelekwa kambi ya Frongoch huko Wales. Walicheza mpira wa Kigaeli humo, uwanja wakauita Croke Park, jina la uwanja mkuu wa GAA mjini Dublin, na timu ya Kerry ikakutana na ya Louth kwenye fainali ya mashindano yao. Watu wa kaunti zisizofahamiana wakawa kitu kimoja. Ukitaka kuanza na mada nyepesi yenye mashahidi wengi, andika "Frongoch" kwenye kisanduku cha kutafutia.

Mada ya pili inayolipa ni Jumapili ya Kigaeli. Kiangazi cha 1918 serikali iliagiza kwamba mikusanyiko ya hadhara, mechi zikiwamo, iwe na kibali. GAA ikaamua kwamba hakuna klabu itakayoomba kibali, na kwamba tarehe 4 Agosti, saa 9 alasiri, kila klabu iingie uwanjani kwa pamoja. Inakadiriwa mechi zilikuwa kama 1,500 na wachezaji kama 54,000. Polisi wasingeweza kuwa kila mahali, na amri ikafia hapohapo. Wazee wa huku waliowahi kusikia habari za vibali vya mikutano enzi ya Bwana DC hawatahitaji tafsiri.

Utafutaji wenyewe una namna yake. Fungua tovuti, ingia kwenye mikusanyo ya mtandaoni, chagua Bureau of Military History. Kila maelezo yana namba yake ya WS (Witness Statement, yaani maelezo ya shahidi), na faili la PDF limepewa jina kwa namba hiyo, mfano BMH.WS0340. Andika namba hiyo kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo rejea inayotambulika na watafiti wote, na ndiyo itakayokurudisha ulipotoka umeme ukikatika. Ukurasa wa kwanza wa faili ni jalada: jina la shahidi, alikuwa nani katika harakati, maelezo yanahusu nini, na kama aliweka sharti lolote. Soma mstari wa "Identity" kwanza. Ukiona alikuwa ofisa wa kikosi cha Dublin na wewe unatafuta Kerry, funga, usimalize bando.

Kwa wastani faili moja ni kurasa 20, lakini wastani huo unadanganya: mengine ni kurasa chache tu, mengine yanapita 100. Shusha mafaili ukiwa kwenye mtandao mzuri, halafu yasome nje ya mtandao. Anayevuka kwa meli kwenda Nansio na mafaili matatu kwenye simu atafika Ukerewe ameyamaliza, bila kutegemea mnara wowote.

Maneno ya kutafutia yanahitaji hila. GAA iliandikwa kwa namna tatu: "GAA", "G.A.A." yenye nukta, na kwa urefu, "Gaelic Athletic Association". Jaribu zote. Kurasa zilipigwa taipu na baadaye kompyuta ikayasoma maandishi kutoka kwenye picha, hivyo herufi iliyofifia inaweza kugeuka nyingine na neno likapotea kwenye utafutaji ingawa jicho linaliona. Ukikosa kitu unachoamini kipo, tafuta kwa jina la kijiji au la mtu, usitafute kwa jina la mchezo.

Mtego mkubwa, na wengi hunasa, ni neno "hurley". Ndilo jina la fimbo ya halingi, na ndilo jina la ukoo wa watu wengi wa Cork. Charlie Hurley alikuwa kamanda wa Brigedi ya Tatu ya Cork na aliuawa Machi 1921, kwa hiyo kila shahidi wa huko anamtaja. Anayehesabu mara neno linavyotokea na kutangaza kwamba Cork Magharibi walipenda halingi kupita kiasi atakuwa amehesabu marehemu. Tumia "hurleys" kwa wingi, au "hurling", au "caman" ambalo ni jina la Kiairishi la fimbo hiyohiyo.

Mtego wa pili ni majina ya klabu. Waireland walizibatiza klabu zao kwa majina ya mashujaa: Wolfe Tone aliyekufa 1798, Robert Emmet aliyenyongwa 1803, Sarsfield, O'Donovan Rossa. "Wolfe Tone" kwenye ukurasa anaweza kuwa marehemu, klabu, mashindano au kamati ya kumbukumbu iliyoficha IRB ndani yake. Soma sentensi nzima. Halafu kuna watu waliobadili majina kuwa ya Kiairishi: Cathal Brugha alizaliwa Charles Burgess, na Seán Mac Diarmada kwenye karatasi nyingine ni John MacDermott. Orodha ya timu ya 1910 inaweza kuwa na jina moja, ushahidi wa 1950 ukawa na jingine, na mtu akawa yuleyule.

Kinyume chake pia hutokea, jina moja watu wawili, na mfano wake umo kwenye siku inayotafutwa kuliko zote: Jumapili ya Damu, 21 Novemba 1920. Asubuhi, watu wa Collins waliwaua maofisa waliodhaniwa kuwa majasusi wa Uingereza mjini Dublin. Alasiri, Tipperary na Dublin walikutana Croke Park kwenye mechi ya kirafiki iliyochelewa kuanza hadi saa 9 na robo. Muda mfupi baada ya mpira kuanza polisi wakaingia na kufyatua risasi. Watu 14 walipoteza maisha. Miongoni mwao alikuwa Michael Hogan, mchezaji wa Tipperary, na watoto watatu wenye umri wa miaka 10, 11 na 14. Jukwaa moja la uwanja huo lina jina la Hogan mpaka leo.

Sasa tafuta "Thomas Ryan". Thomas Ryan wa kwanza alikuwa mchezaji wa Tipperary na mpiganaji. Aliokoka, na maelezo yake yamo kwenye BMH.WS0783. Humo utakuta safari ya treni kwenda Dublin siku moja kabla, ugomvi na askari njiani, na yale aliyoyaona uwanjani. Thomas Ryan wa pili alikuwa mtazamaji kutoka Wexford, na inasimuliwa kwamba alipigwa risasi alipopiga magoti kumwombea Hogan pale chini. Yeye hakutoa ushahidi wowote, alikufa siku hiyo. Mwandishi asiye makini anawaunganisha, na marehemu anaanza kusimulia vita vya 1921.

Siku hiyohiyo inaonyesha pia mahali mkusanyo unapopungua. Mashahidi wa BMH kwa sehemu kubwa ni wa upande wa harakati. Walichosema polisi na jeshi kiko kwenye mafaili ya uchunguzi wa kijeshi uliofanywa faragha na kufichwa kwa miongo kadhaa, ambayo sasa yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Uchunguzi huo ulihesabu risasi 228 za polisi na 50 za bombomu ya jeshi, na jenerali wa Dublin mwenyewe akaandika kwamba ufyatuaji ulifanywa bila amri na kupita kiasi. Bila mafaili hayo utakuwa na nusu ya siku, tena nusu iliyosimuliwa mara nyingi.

Kasoro ambayo haionekani kwenye tovuti imo kichwani mwa msomaji. Ukikaa wiki mbili unatafuta "G.A.A." utaona G.A.A. kila mahali, na utaanza kuamini kwamba klabu ndiyo iliyokuwa jeshi. Mkusanyo wenyewe unakuponza, kwa sababu mashahidi walichaguliwa kwa kuwa walishiriki. Mchezaji aliyekwenda mechi, akarudi nyumbani kukamua ng'ombe, hakuna aliyemfuata na taipu. Wala hakufuatwa mwanachama wa GAA aliyejiunga na jeshi la Uingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na hao walikuwa wengi. Uongozi wa GAA wenyewe, baada ya Pasaka ya 1916, ulikana mbele ya serikali kwamba chama kilihusika na uasi. Baada ya uhuru, chama hichohicho kikapenda kukumbukwa kwa uasi huo. Matamko yote mawili yalikuwa na faida kwa wakati wake.

Dawa iko ndani ya mkusanyo huohuo. Fungua BMH.WS0340, ya Oscar Traynor. Huyu alikuwa kamanda wa Brigedi ya Dublin, na kabla ya hapo alikuwa kipa wa Belfast Celtic, timu ya soka, mchezo ambao GAA iliwakataza wanachama wake kuucheza au kwenda kuutazama, na iliendelea kuwakataza hadi 1971. Baadaye akawa rais wa chama cha soka cha Ireland. Kevin Barry, aliyenyongwa Novemba 1920 akiwa na miaka 18, alicheza raga shuleni Belvedere. De Valera, kiongozi wa kisiasa wa harakati, naye alikuwa mtu wa raga. Andika "football" kwenye kisanduku na utachanganyiwa soka na mpira wa Kigaeli. Ni usumbufu, ila usumbufu wenye faida, kwa kuwa unakuonyesha vijana walewale wa mtaa mmoja wakiwa kwenye michezo tofauti na kwenye kikosi kimoja.

Kwa hiyo usiutumie mkusanyo huu peke yake. Tovuti hiyohiyo ina mkusanyo wa pensheni za utumishi wa kijeshi, ulioanza kutolewa kwa awamu mwaka 2014, na ndani yake kuna orodha za wanachama wa IRA kwa kila kampuni, kwa tarehe mbili: 11 Julai 1921 na 1 Julai 1922. Hapo ndipo kazi ya kweli inapofanyika. Chukua orodha ya wachezaji wa klabu moja kutoka gazeti la zamani, iweke kando ya orodha ya kampuni ya parokia hiyohiyo, uhesabu majina yanayooana. Kisha fungua sensa ya 1911, ambayo nayo ni bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland, upate umri, kazi na nyumba ya kila mmoja. Utakapopata wachezaji 6 kati ya 15, angalia ni wangapi ni ndugu wa tumbo moja au majirani wa mlango kwa mlango. Mara nyingi undugu ndio uliomwingiza mtu kote kuwili, kwenye klabu na kwenye kikosi.

Angalizo dogo kwenye sensa: ukilinganisha na ile ya 1901, wazee wengi wanaonekana kuzeeka zaidi ya miaka 10 ndani ya miaka 10. Pensheni ya uzee ilikuwa imeanza kulipwa 1909, na kila mtu akaikumbuka vizuri siku yake ya kuzaliwa. Na usimtafute Collins humo. Mwaka 1911 alikuwa akiishi London.

Je, unafaa? Kwa mwanafunzi wa historia pale chuoni Malimbe anayetaka mada ya kulinganisha, unafaa sana: vyanzo vya awali, bure, bila kuomba visa wala kibali cha kuingia kwenye chumba cha nyaraka. Kwa mwandishi wa michezo anayetaka makala ya siku moja, haufai; utamzamisha. Kwa anayetaka kuandika habari za klabu za hapa, kinachofaa kuchukuliwa ni maswali ya wale maofisa wa 1947, na majibu ya Waireland yabaki kwao. Nani alikuwa kapteni? Nauli ya timu ilitoka wapi? Mechi ikiisha mlikwenda wapi? Nani hakuwa mchezaji lakini alisafiri na timu kila mara? Maswali hayo yanaulizika kwa mzee yeyote aliyecheza Nyamagana zamani, na hayamlazimishi kujisifu wala kujitetea. Mpe shikamoo, mwache amalize chai, anza na lile la nauli.

Upande wa mtafutaji tunaupa alama 9 kwa 10 kwa wingi wa mali na kwa kutotoza hata senti. Upande wa msomaji ni 6 tu, kwa kuwa mkusanyo haukuambii nani hayumo. Wa kuanza leo aanze na faili la Ryan, namba 0783, kisha la Traynor, namba 0340, asome yote mawili kabla ya kuandika "G.A.A." kwenye kisanduku kwa mara ya kwanza.